Dakika Ishirini kwa Uso Mmoja

Hotuba hii ilitolewa katika mkutano wa wapiga picha wa kujitegemea. Inawekwa hapa kamili kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Picha zilizooneshwa ukutani wakati wa mazungumzo zimeachwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu wa fani mliotufundisha kushika kamera, ndugu wapiga picha, na ninyi wazazi na wateja mliokubali mwaliko wa kuja kutusikiliza, nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimepewa swali la kujibu, nalo limeandikwa kwenye ratiba yenu kwa maneno haya: tutazishindaje studio za bei nafuu zenye matawi mengi? Nimelitafakari kwa majuma kadhaa, na kadiri nilivyozidi kulitafakari ndivyo nilivyoona kwamba siwezi kulijibu kabla sijawauliza langu. Je, tunajua studio hizo zinauza nini? Na je, sisi wenyewe tunajua tunauza nini?

Naomba niseme mapema jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Kabla sijafungua studio yangu, nilifanya kazi kwa miaka mitatu nchini Marekani, katika studio ya kampuni yenye matawi mengi, ndani ya duka kubwa, kati ya sehemu ya nguo za watoto na sehemu ya viatu. Kampuni hiyo sitaitaja, kwa sababu sikuja kuishtaki. Nilivaa fulana yenye nembo yake, nikapokea mshahara wake, na nikawapiga picha watu wengi kuliko nilivyowapiga katika miaka yote iliyofuata. Kwa hiyo ninayoyasema leo nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyafanya kwa mikono yangu.

Hebu niwaingize ndani ya chumba kile. Taa zilifungwa darini, na hapakuwa na ruhusa ya kuzisogeza. Sakafuni palibandikwa utepe mweupe kuonesha mahali pa kuweka kiti, na utepe wa njano kuonesha mahali pa kusimama mpiga picha. Kwenye taa kuu palining'inia uzi. Unauvuta hadi kwenye pua ya mtoto, na ukifika ukiwa umenyooka bila kulegea, basi umbali ni sahihi. Ni nani kati yenu amewahi kuuona uzi wa namna hiyo? Tafadhali msiudharau. Mwanga wa taa hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali, maana yake mtu aliyekaa mbali mara mbili hupata robo tu ya mwanga; ukiufunga umbali kwa uzi, umemwondolea mfanyakazi hesabu yote, na mtu ambaye juzi alikuwa akipanga viatu anaweza leo kupiga picha isiyo na giza wala mng'aro uliopitiliza. Aliyeubuni uzi ule alikuwa fundi kwelikweli. Alichukua ujuzi unaowagharimu watu miaka, akaufunga kwenye kamba.

Mafunzo yangu yalichukua siku tano. Siku mbili zilihusu taa, kamera na mikao ya watoto. Siku tatu zilihusu kuuza. Hapo ndipo nilipoelewa kazi yenyewe. Mteja aliingia akiwa na kuponi aliyoikata gazetini, inayomwahidi karatasi kadhaa za picha za mkao mmoja kwa bei ndogo sana, na ada ya kukaa mbele ya kamera ama ilikuwa ndogo ama haikuwapo kabisa. Kwa bei ile ya kuponi, studio haikuwa na faida ya kueleza. Faida ilikuwa katika mkao wa pili, wa tatu na wa nne, ambao mama aliuona kwenye skrini dakika chache baadaye, mtoto akiwa amecheka vizuri kuliko katika ule wa kwanza. Mpiga picha na muuzaji alikuwa mtu yule yule. Jioni nilipopimwa, nilipimwa kwa wastani wa fedha ambazo kila familia iliacha. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu macho ya mtoto katika picha.

Na muda? Dakika ishirini, tangu mtoto anapoketishwa hadi anaposhuka. Jumamosi za mwisho wa mwaka muda huo ulipungua, maana foleni ilifika kwenye viatu.

Sasa najua baadhi yenu mnatikisa vichwa. Mnasema: tazameni, ndivyo tulivyodhani, ni kiwanda. Ngojeni kidogo. Alikuwapo mama mmoja aliyekuwa akija kila mwaka na watoto wake watatu, na gauni la mkubwa nililiona baadaye likivaliwa na wa kati, kisha na mdogo, katika picha za miaka mitatu mfululizo. Siku moja nilimwuliza kwa nini haendi kwa mpiga picha wa mtaa wa pili, ambaye kazi zake nilikuwa nazipenda sana. Alinijibu hivi: "Hapa ninajua nitalipa kiasi gani kabla sijatoka nyumbani. Kule wanakuuliza kwanza bajeti yako ni kiasi gani, na mimi sijui nijibu nini."

Nilikuja kuyaelewa maneno hayo siku nilipofungua studio yangu mwenyewe, nikaandika dirishani, kama wengi wenu mlivyoandika, kwamba bei hutolewa baada ya mazungumzo. Niliyaandika kwa nia njema. Lakini kwa mtu anayehesabu fedha zake, maneno hayo yana maana moja tu: hapa si mahali pako. Yule mama hakuwa hajui picha nzuri. Alikuwa anakwepa aibu. Studio ya matawi mengi ilimwekea bei kwenye karatasi na mlango usio na kengele, na katika jambo hilo, ndugu zangu, ilimheshimu kuliko tulivyomheshimu sisi.

Ndiyo maana siwezi kuungana na wale wanaosema kwamba bei nafuu imeiharibu fani yetu. Fani hii imekua juu ya mgongo wa bei nafuu tangu utoto wake. Picha za Mfaransa Daguerre, zilizotangazwa mwaka 1839, zilikuwa bamba moja la shaba lililopakwa fedha, picha moja isiyo na nakala. Ukitaka ya pili, unakaa tena. Mwaka 1854, mjini Paris, André Adolphe-Eugène Disdéri alisajili hataza ya njia ya kupata picha ndogo kadhaa juu ya bamba moja la kioo, ambazo huchapishwa kwa mkupuo mmoja kwenye karatasi, kisha hukatwa na kubandikwa kwenye kadi inayotosha kiganjani. Gharama ya uso mmoja ikaanguka. Katika miaka michache watu wa Ulaya na Marekani wakawa wananunua kadi hizo kwa wingi usiowahi kuonekana, wakizibadilishana na kuzipanga katika albamu, za ndugu zao pamoja na za wafalme na waigizaji. Kabla ya hapo, ni nani aliyekuwa na sura ya bibi yake nyumbani? Aliyeweza kumlipa mchoraji.

Zitazameni kadi hizo kwa makini mkizipata. Mtu amesimama mzima, kichwa ni kidogo kama punje, pembeni kuna nguzo ya bandia, nyuma kuna pazia zito lililokunjwa vizuri. Nguzo ni ile ile kwa karani na kwa jenerali. Nilipoziona kwa mara ya kwanza nilisimama kimya, kwa sababu nilikuwa natazama chumba changu cha kazi, kile cha utepe mweupe na utepe wa njano.

Katika mji huo huo, miaka hiyo hiyo, alikuwapo mpiga picha aliyeitwa Nadar. Yeye naye aliishi kwa biashara, na kadi ndogo aliziuza pia zilipokuwa zinatakiwa, kwa hiyo tusimfanye malaika. Lakini katika picha zake bora za miaka ya 1850 aliondoa nguzo, akaondoa pazia, akamweka mtu mbele ya ukuta usio na kitu, akauacha mwanga uingie kutoka upande mmoja. Alimketisha mshairi Baudelaire, baadaye mwigizaji Sarah Bernhardt akiwa bado msichana, na ukiwatazama leo unaona watu ambao mtu fulani alikuwa akizungumza nao. Nadar hakumshinda Disdéri kwa bei, wala hakujaribu. Na Disdéri, ambaye kwa muda alikuwa miongoni mwa wapiga picha matajiri kabisa duniani, alifariki mwaka 1889 akiwa maskini, kwa sababu kitu alichokibuni kilikuwa rahisi kuigwa na kila mtu, na kila mtu alikiiga.

Historia hiyo imejirudia mara nyingi kiasi kwamba haipaswi kututisha tena. Mwaka 1888 George Eastman alitoa kamera ya Kodak kwa dola 25, ikiwa na filamu ya picha 100 ndani yake. Ukizimaliza unairudisha kamera nzima kiwandani, nao wanasafisha picha na kuijaza upya. Katika miaka ya 1920, Anatol Josepho, mhamiaji kutoka Siberia, aliweka mtaani Broadway, New York, kibanda kilichotoa picha nane kwa senti 25 bila mpiga picha kuwapo kabisa, na watu walipanga foleni. Mwaka 1932, katika jimbo la Alabama, ilianza Olan Mills, ambayo baadaye ilijulikana Marekani nzima kwa picha za familia na vitabu vya picha vya waumini wa makanisa. Kila mara wapo waliosema kwamba sasa mpiga picha amekwisha. Leo simu iko mfukoni mwa kila mtu, na maneno ni yale yale.

Mpiga picha hakwisha. Waliokwisha ni wale waliokuwa wakiuza kitu kile kile ambacho mashine mpya ilikuwa inakitoa kwa bei ndogo zaidi. Naomba nirudie: waliokwisha ni wale waliokuwa wakiuza kitu kile kile.

Sasa nifike kwenye jambo lililonitoa mimi katika studio ile.

Siku moja ya mwezi wa Desemba aliingia bibi mmoja, mwenye ngozi nyeusi sana na nzuri sana, akiwa na wajukuu wanane. Baadhi ya wajukuu walikuwa wa rangi ya maji ya kunde, wawili walikuwa weupe kwa sababu mama yao alikuwa mweupe. Walivaa mashati meupe wote. Bibi akachagua pazia jeupe. Nikavuta uzi, nikawapanga, nikapiga. Katika skrini watoto walitoka vizuri. Mashati yaling'aa, pazia liling'aa, na bibi, ambaye ndiye aliyekuwa shina la wote wale, alikuwa kivuli chenye meno. Alisogeza uso wake karibu na skrini, akakaa kimya, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, mimi niko wapi hapa?"

Nilijua la kufanya. Ngozi nyeusi haihitaji tu mwanga mwingi zaidi. Inahitaji mwanga unaotoka pahali panapofaa. Unaleta chanzo kikubwa na laini kwa upande, karibu, ili kiteleze juu ya shavu na paji la uso na kuacha mng'ao, kwa sababu ni mng'ao huo unaochonga sura. Unaweka nyuma rangi ya kijivu au kahawia, si nyeupe inayoidanganya kamera. Unapima mwanga usoni pa bibi, unampanga mbele, karibu na taa, na wajukuu weupe unawarudisha nyuma kidogo ambako mwanga umeanza kufifia. Ni kazi ya dakika kumi na tano kwa mtu anayejua. Nikamwomba msimamizi ruhusa ya kusogeza taa moja. Akanionesha foleni. Hakuwa mtu mbaya, naye alikuwa na hesabu yake ya jioni.

Yule bibi alinunua kifurushi cha kuponi, akashukuru, akaondoka. Sikulala vizuri usiku ule, na mwezi wa Februari niliacha kazi.

Mnaweza kudhani kwamba hilo lilikuwa kosa la tawi moja. Hapana, lina mizizi mirefu. Kwa miongo mingi, maabara za kuchapisha picha za rangi zilisawazisha mashine zao kwa kadi ya mfano iliyotolewa na Kodak, yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo ziliitwa Shirley, kwa jina la mmoja wa wanamitindo wa mwanzo. Ngozi ya mwanamke huyo ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi sahihi, na kila ngozi nyingine ilitoka ilivyotoka. Waliowahi kufanya kazi Kodak walisimulia baadaye kwamba msukumo wa kuboresha filamu ili ioneshe vizuri rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao hawakuridhika na matangazo yao. Fikirini hilo, ndugu zangu. Mbao zilisikilizwa kabla ya nyuso. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye sana.

Mpangilio usiobadilika una mtu wake ndani yake hata kama hatajwi. Uzi ule ulikuwa na mtu wake: mtoto mweupe au wa maji ya kunde, asiyevaa miwani, anayeweza kuketi mwenyewe, anayetulia mbele ya mgeni. Mtu huyo akiketi, dakika ishirini zinatosha na picha inatoka nzuri. Nimezipiga picha hizo kwa maelfu na siziombei radhi. Lakini akija mzee ambaye miwani yake inaakisi taa zote mbili, au kijana aliye kwenye kiti cha magurudumu ambacho hakiingii juu ya utepe mweupe, au mtoto anayeogopa sauti na anayehitaji nusu saa ya kuzoea chumba kabla hajainua macho, uzi hauna la kuwaambia. Hao ndio wanaotuhitaji sisi. Hao ndio wateja wetu kwa haki kabisa.

Je, wanatupata?

Hapa naomba mniwie radhi, maana nitasema jambo ambalo halitawapendeza wote. Mwezi uliopita niliombwa na vijana wetu nizipitie kazi za wenzetu kadhaa wa kujitegemea, wenye studio nzuri na bei za juu. Nilichokiona kwa wengi wao ni taa mbili zilizowekwa siku ya kufungua studio na hazijasogezwa tangu siku hiyo. Niliona mipangilio ya rangi iliyonunuliwa mtandaoni na kubandikwa juu ya kila picha, mpaka bibi harusi mweusi na bwana harusi mweupe wakawa wa rangi moja ya chungwa. Niliona mkao ule ule wa mkono kwenye kidevu kwa mwanasheria, kwa mchungaji na kwa msichana wa miaka kumi na sita. Nikamwuliza mmoja wao, kijana mwenye kipaji, hutumia muda gani na mteja mmoja. Akanijibu kwa fahari kwamba amefanikiwa kupunguza hadi dakika ishirini.

Basi tofauti yetu na wao iko wapi? Mteja huyo analipa mara nyingi zaidi kwa uzi ule ule, tofauti ni kwamba wetu hauonekani. Kama tunatoa dakika ishirini, hatuna haki ya kudai zaidi ya bei ya dakika ishirini, na kampuni yenye matawi mengi itatushinda kwa halali, kwa sababu inanunua karatasi kwa bei ya jumla na sisi tunanunua kwa rejareja.

Nikisema muda, sisemi kukawia. Namaanisha muda wa kumtazama mtu kabla ya kuinua kamera. Mwalimu wangu, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akimpa mteja kiti na kinywaji, akizungumza naye huku akizunguka polepole, na wakati huo wote alikuwa anafanya kazi: anaona upande gani wa uso umejaa na upi umepungua, jicho lipi ni dogo, bega lipi limeshuka, anacheka vipi akisahau kwamba anatazamwa. Kisha anaamua amgeuze wapi, upande mwembamba wa uso uupate mwanga au upande mpana. Alikuwa akiweza kupiga picha kumi tu katika saa nzima. Na kwa mtu mwenye haraka alikuwa mkweli. Alimwambia aende kwenye studio ya dukani, akamweleza hata siku ambazo foleni ni fupi.

Kwa watoto wachanga muda si suala la uzuri pekee. Mmeiona picha ya mtoto wa siku kadhaa aliyeegemeza kidevu juu ya viganja vyake, kama anawaza. Hakuna mtoto wa umri huo anayeweza kukibeba kichwa chake hivyo. Wanaojua hupiga picha mbili, katika moja mkono wa mzazi umeshika kichwa, katika nyingine umeshika viganja, kisha huziunganisha na kuufuta mkono. Asiyejua huona picha mtandaoni akajaribu kuiiga kwa kichanga cha mtu. Nawaomba wazazi mliopo hapa: muulizeni mpiga picha, awe wa kampuni au wa kujitegemea, anaipataje picha hiyo. Akisita kujibu, mchukueni mtoto wenu.

Liko jambo jingine moja, nalo linahusu picha zinabaki kwa nani. Mwezi wa Aprili mwaka 2013, kampuni ya CPI ya St. Louis, iliyokuwa ikiendesha studio ndani ya maduka ya Sears na Walmart, ilifunga studio zake zote nchini Marekani kwa ghafla. Wafanyakazi walipoteza kazi, na wateja waliokuwa wameagiza picha wakabaki na wasiwasi kama watazipata. Olan Mills ilikuwa imenunuliwa na kampuni nyingine ya picha, Lifetouch, mwaka 2011, na Lifetouch nayo ikanunuliwa na Shutterfly, kampuni ya picha ya mtandaoni, mwaka 2018. Sisemi kwamba wanunuzi hao walifanya vibaya. Ninachosema ni kwamba sura ya mwanao inaweza kuhama kutoka kabati hadi kabati bila wewe kujua, kama sehemu ya mali ya kampuni. Mfanyakazi aliyeipiga hana neno. Kwa sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976, picha iliyopigwa na mwajiriwa akiwa kazini ni ya mwajiri, ilhali ya mpiga picha wa kujitegemea kwa kawaida ni yake mwenyewe hadi atakapoihamisha kwa maandishi. Kwa hali zote mbili si ya mteja, na wateja wengi hawalijui hilo hadi siku wanapotaka nakala.

Tusikimbilie kujisifu hapa pia. Miaka michache iliyopita alinijia baba aliyefiwa na binti yake. Picha pekee ya studio aliyokuwa nayo ilikuwa imelowa maji na kubanduka. Nilimtafuta mpiga picha aliyeipiga, mwenzetu wa kujitegemea, ambaye alikuwa ameipiga miaka minane kabla. Diski yake ilikuwa imekufa, na hakuwa na nakala nyingine. Baadaye baba yule alikumbuka kwamba binti aliwahi kupigwa picha pia katika studio ya dukani, kwa kuponi, akiwa darasa la pili. Tukaandika barua. Baada ya majuma mawili faili likaja, safi, pamoja na mikao minne ambayo familia haikuwa imeinunua wakati ule kwa kukosa fedha. Nilikuwapo alipoifungua. Yule binti alikuwa amekaa juu ya utepe mweupe, mbele ya pazia la buluu, na katika mkao wa tatu alikuwa anacheka kwa kumtazama mtu aliyekuwa nyuma ya kamera, mfanyakazi fulani wa mshahara mdogo ambaye ndani ya dakika zake ishirini alikuwa amepata neno la kumchekesha mtoto.

Tangu siku ile sijawahi kulitumia neno "kiwanda" kwa ajili ya wale watu.

Ndugu zangu, nina maombi machache, nayo ni ya kazi. La kwanza ni bei. Ziandikeni ubaoni, dirishani, popote mtu atakapozisoma bila kuomba. Si lazima ziwe ndogo, lazima zionekane. Mtu aliyeiona bei akaondoka ameondoka na heshima yake, na anaweza kurudi mwakani. La pili ni nakala. Weka kila kazi mahali pawili panapotengana, na umweleze mteja kwa maandishi, kwa lugha anayoielewa, utaitunza kwa miaka mingapi na anaruhusiwa kufanya nini nayo. La tatu ni taa. Kesho asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajaingia, zing'oe taa zako zilipo. Zitoe kabisa, uzilaze pembeni, na usiziwashe mpaka umemwona anayeingia.

Na liko moja ninalolianza mwenyewe. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi nitaifungua studio yangu kwa bei iliyo ubaoni, sawa na bei ya kuponi ya dukani, picha moja iliyochapishwa na faili lake, dakika arobaini na tano kwa kila atakayeketi. Wa kwanza ninaowaalika ni wale ambao uzi huwaacha: wazee, watu wenye ulemavu, watoto wasiotulia, familia zenye ngozi za kila rangi ambazo hazijawahi kuonekana sawasawa katika fremu moja. Kwa hesabu zangu, peke yangu nitaweza kuwahudumia watu wanane kwa siku. Ninahitaji wenzangu watatu wa kushika zamu, na mmoja anayejua kuchapisha. Daftari la kujiandikisha liko mezani pale mlangoni, pamoja na kalamu, nami nitabaki hapa mpaka wa mwisho wenu atakapoondoka.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.